Msimbo Mkongwe Katika Kiini cha Kompyuta: Utunzwe au Uondolewe?

Mwalimu mwanafunzi anayejiandaa kwenda kufundisha katika shule ya msingi aweza kushangaa kuona jarida la mbinu za kufundisha likijadili mambo ya ndani ya kompyuta. Mshangao huo una haki yake. Hata hivyo, kompyuta zimekwisha kuingia katika shule nyingi, na simu za wazazi zimekwisha kuingia mikononi mwa watoto. Atakayesimama mbele ya watoto hao ataulizwa maswali, na mojawapo ni hili: kwa nini kompyuta ya shule, ambayo haijavunjika mahali popote, inakataa programu mpya? Jibu la swali hilo limo katika mjadala ambao mafundi wa kompyuta wamekuwa nao kwa miaka mingi, yaani mjadala wa kutunza au kuondoa sehemu kongwe za kiini cha mfumo wa uendeshaji. Katika makala haya tunakusudia kueleza mjadala huo, kutoa maoni yetu, na kuonyesha jinsi unavyoweza kufundishwa darasani hata pasipo kompyuta.

MAANA YA KIINI NA MSIMBO WA URITHI

Kompyuta ina vifaa vinavyoshikika: kibodi, skrini, diski, kumbukumbu, na prosesa ambayo ndiyo ifanyayo hesabu zote. Ina pia programu, yaani maagizo yaliyoandikwa kwa ajili ya kuvitumia vifaa hivyo. Kati ya programu na vifaa husimama mfumo wa uendeshaji, na sehemu ya ndani kabisa ya mfumo huo ndiyo iitwayo kiini. Kiini hugawa kumbukumbu, huamua programu ipi ipate zamu ya prosesa na kwa muda gani, na huzuia programu moja isiingilie mali ya nyingine. Tukitafuta mfano ulio karibu nasi, kiini ni kama mwalimu wa zamu. Hafundishi yeye madarasa yote, lakini kengele, funguo na ratiba zimo mikononi mwake, na akikosea yeye shule nzima huyumba.

Maagizo yaliyoandikwa na mafundi huitwa msimbo, nao huhesabiwa kwa mistari. Mifano yetu tutaitoa katika kiini kiitwacho Linux, kwa sababu msimbo wake uko wazi kwa kila atakaye kuusoma, na mabishano ya watunzaji wake hufanywa hadharani. Kiini hicho kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Toleo la kwanza kabisa lilikuwa na mistari ipatayo 10,000; leo mistari hiyo imepita milioni 30. Simu za Android zinatumia kiini hiki hiki, kwa hiyo msomaji anayeishika simu ya namna hiyo anakitumia kila siku bila kukiona.

Msimbo wa urithi ni zile sehemu zilizoandikwa zamani, kwa ajili ya vifaa au desturi za wakati huo, ambazo waliopo leo wamezikuta. Mara nyingi sehemu hizo ni tata, kwani zimetiwa kiraka juu ya kiraka na watu mbalimbali, na baadhi yao wamekwisha kuondoka bila kueleza kwa nini walifanya walivyofanya.

HOJA ZA WANAOTAKA KUTUNZA

Hoja ya kwanza ni haki ya mtumiaji. Torvalds ameshikilia kwa miaka mingi kanuni kwamba badiliko lolote ndani ya kiini lisivunje programu ambazo watu tayari wanazitumia. Mtu aliyefanya kazi yake vizuri jana akiwa na toleo la zamani hapaswi kuamka leo na kukuta kazi imekwama kwa sababu fundi fulani ameona msimbo wa zamani haupendezi. Kanuni hii ndiyo iliyowapa watu imani ya kujenga juu ya Linux.

Hoja ya pili ni kwamba msimbo mkongwe umebeba ujuzi. Ndani ya Linux zimo orodha ndefu za vifaa ambavyo tabia zao hazilingani na kanuni zilizoandikwa. Kuna vifaa vinavyotoa jibu la uongo vinapoulizwa uwezo wao, na vingine hukwama visipopewa muda wa kupumua. Kwa kila kimoja pameandikwa namna ya kukivumilia. Mgeni anayesoma mistari hiyo huiona kama takataka, kumbe kila mstari umetokana na mtu aliyekutana na kifaa kibovu, akahangaika nacho, akapata dawa. Fundi atakayefuta vyote na kuanza upya atakutana na vifaa vile vile, kimoja kimoja, na atalazimika kuitafuta tena dawa iliyokuwa imekwisha kupatikana. Wahenga walituonya kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, na wakatukataza kuacha mbachao kwa msala upitao.

HOJA ZA WANAOTAKA KUONDOA

Upande wa pili nao una hoja nzito. Msimbo usiotumika hauketi tu kama kitabu kilicho rafuni. Kila mara sehemu nyingine ya kiini inapobadilishwa, sehemu kongwe nayo hubidi irekebishwe ili iafikiane nayo, na kazi hiyo hufanywa na watu ambao pengine hawana hata kifaa cha kuijaribia.

Mfano bora ni prosesa ya Intel iitwayo 386, iliyotokea mwaka 1985. Kompyuta ambayo Torvalds aliandikia Linux mara ya kwanza ilikuwa na prosesa hiyo, kwa hiyo tungeweza kusema kwamba 386 ndiyo kitanda alichozaliwa mtoto. Lakini prosesa hiyo ilikuwa na upungufu. Kiini chenyewe kilipotaka kuandika katika ukurasa wa kumbukumbu uliopigwa marufuku kuandikwa, 386 haikukizuia. Prosesa zilizoifuata, kuanzia 486 ya mwaka 1989, ziliweza kuzuia. Kwa ajili ya 386 peke yake, watunzaji walilazimika kuhifadhi njia ya pembeni ya kukagua kurasa kabla ya kuziandika, pamoja na njia nyingine za kufidia maagizo ambayo prosesa hiyo haikuyajua. Intel iliacha kuzitengeneza mwaka 2007. Mnamo Desemba 2012 badiliko la kuiondoa 386 lilikubaliwa, likaingia katika toleo la 3.8 lililotoka mwaka 2013. Torvalds mwenyewe alilipokea bila kuonyesha huzuni yoyote.

Hoja nyingine ni ya usalama, na hii kwa maoni yetu ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka 2005 Linux iliongezewa utaratibu wa mawasiliano uitwao DCCP. Utaratibu huo haukupata watumiaji wengi, lakini msimbo wake ulibaki ndani ya kiini. Februari 2017 iligunduliwa kasoro iliyokuwamo humo tangu mwanzo, kwa zaidi ya miaka 11, ambayo ingemwezesha mtumiaji wa kawaida wa kompyuta kujitwalia mamlaka yote ya msimamizi wake. Mtu ambaye hakuwahi kuusikia utaratibu huo angeweza kudhuriwa nao, kwa sababu tu ulikuwamo. Hatimaye DCCP iliondolewa katika toleo la 6.16 la mwaka 2025. Chumba kisichoingiwa na mtu ndicho kinachofaa kwa nyoka, na nyumba yenye vyumba vingi vya namna hiyo haiwezi kulindwa na askari mmoja.

MAONI YETU: UMRI SI KIPIMO

Baada ya kuzipima hoja hizi, tunaona kwamba pande zote mbili hukosea pale zinapoufanya umri kuwa kipimo. Anayesema kwamba ya kale ni dhahabu na anayesema kwamba ya kale ni kutu wote wawili wametazama tarehe tu, wala hawakuitazama kazi.

Ushahidi upo wazi. Prosesa ya Itanium ilitolewa na Intel mwaka 2001. Iliondolewa katika Linux kwa toleo la 6.7, lililotoka Januari 2024. Familia ya prosesa za Motorola iitwayo 68000, iliyoanza mwaka 1979 na ambayo iliendesha kompyuta za Amiga, Atari na Macintosh za miaka ya 1980, ingali imo ndani ya kiini hicho hicho. Mdogo ametolewa, mzee amebaki. Zaidi ya hayo, mwaka 2018, katika toleo la 4.17, ziliondolewa kwa pamoja familia 8 za prosesa, na zote zilikuwa changa kuliko hiyo ya Motorola.

Kwa nini ikawa hivyo? Familia ya Motorola ina watu wa kujitolea wanaoipenda, wanaomiliki mashine zake, wanaojaribu kila toleo jipya na kurekebisha palipoharibika. Itanium ilikosa watu wa namna hiyo, hata ikatangazwa mwaka 2021 kuwa haina mtunzaji. Hapo ndipo tunapopata kipimo chetu. Kabla ya kuamua juu ya msimbo wowote mkongwe, yafaa yaulizwe maswali matatu. Je, yuko mtu anayeutumia? Je, yuko mtu anayeufahamu na aliye tayari kuutunza? Na je, sababu ya kuandikwa kwake inajulikana, na ingalipo? Ukiwa na mtumiaji na mtunzaji, msimbo huo ubaki hata kama ni mzee na ni tata. Ukikosa vyote viwili, uondolewe hata kama uliandikwa juzi. Ukiwa na mtumiaji bila mtunzaji, hapo ndipo penye kazi ngumu, nasi tutapafikia.

Swali la tatu huulizwa kwa nadra, na kuliacha ni hatari. Asiyejua kwa nini mstari uliandikwa hana msingi wa kuufuta, na kwa hakika hana msingi wa kuutunza pia. Kutofahamu hakumpi mtu ruhusa ya kufuta; kunampa wajibu wa kuuliza.

NAMNA YA KUONDOA

Kuondoa nako kuna adabu yake. Mifano miwili itatosha.

Mfano wa kwanza ni wa ReiserFS, utaratibu wa kupanga mafaili katika diski ulioingia katika Linux mwaka 2001. Ilipoonekana kwamba watunzaji wake wametoweka, haukufutwa usiku mmoja. Mwaka 2022 lilitolewa tangazo kwamba utaondolewa mwaka 2025, na kila aliyeutumia alionywa na kompyuta yake mwenyewe. Watu wakapata muda wa kuhamisha mafaili yao. Toleo la 6.13 la Januari 2025 lilipotoka bila ReiserFS, hapakuwa na mtu mwenye haki ya kusema ameshtukizwa.

Mfano wa pili ni wa kufuli kubwa la kiini. Mwaka 1996 Linux ilipoanza kuendesha kompyuta zenye prosesa zaidi ya moja, ilihitajika njia ya kuzuia prosesa mbili zisigongane ndani ya kiini. Njia iliyochukuliwa ilikuwa nyepesi: kufuli moja kwa kiini kizima. Hali hiyo ilifanana na shule yenye ufunguo mmoja wa stoo zote, ambapo mwalimu anayetaka chaki hubidi amngoje anayechukua mipira, ingawa chaki na mipira havihusiani. Prosesa zilipoongezeka, foleni ikawa ndefu. Hata hivyo, kufuli lile halikuvunjwa kwa nyundo. Kila mahali lilipotumika palichunguzwa, ikaulizwa ni kitu gani hasa kilichokuwa kikilindwa pale, kisha pakawekwa kufuli dogo la pale pale. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, ikakamilika mwaka 2011 katika toleo la 2.6.39. Utata uliondolewa na watu waliokubali kwanza kuuelewa.

SHULE ZETU ZINAHUSIKAJE

Mwalimu mwanafunzi asidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Shule na vyuo vingi vya kwetu vilianza na kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine. Mashine hizo zilipochakaa machoni pa wenyewe wa kwanza, kwetu ndipo zilipoanza kazi. Kwa hiyo, kila sehemu kongwe inapoondolewa, watumiaji wa mwisho wa sehemu hiyo huenda wakawa watoto wa shule ya msingi iliyo mbali na mji.

Tutazame yaliyotokea mwaka 2025. Mwezi wa Agosti lilitoka toleo la 13 la Debian, mfumo unaotumia kiini cha Linux na kugawiwa bure. Toleo hilo halikutoa tena kiini wala programu ya kusimika mfumo kwa ajili ya kompyuta za zamani zenye prosesa ya biti 32. Tarehe 14 Oktoba mwaka huo huo, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na mfumo unaoifuata hukataa kompyuta nyingi zinazofanya kazi bila tatizo. Kiini chenyewe cha Linux bado kinazikubali mashine za biti 32, lakini idadi ya wanaozitayarishia mfumo kamili inazidi kupungua.

Hapa ndipo penye mtumiaji asiye na mtunzaji, na tatizo huwa kubwa zaidi kwa sababu mtumiaji huyo hajulikani. Watunzaji wanapouliza kama yuko anayeitumia sehemu fulani, huhesabu wale wanaojibu. Mwalimu wa shule ya kijijini hasomi matangazo hayo, na aghlabu hajui kwamba yapo. Ukimya wake huhesabiwa kuwa hayupo. Hatuwezi kuwalaumu watunzaji, ambao wengi wao wamejitolea, kwa kutoubeba mzigo ambao sisi hatujasema kwamba tunauhitaji.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila shule iwe na daftari la kompyuta zake, linaloonyesha aina ya prosesa, mfumo uliomo, mwaka mashine ilipopokelewa na kazi inayofanya, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, vyuo vya ualimu vikusanye habari hizo kutoka katika shule za mazoezi, kisha vifuatilie matangazo na kuwaandikia watunzaji pale panapotangazwa nia ya kuondoa kitu tunachokitegemea. Tatu, mashine ambayo haipati tena viraka vya usalama isiunganishwe na intaneti. Iwekwe kando kwa mazoezi ya kuchapa, kuchora na kupanga mafaili, ambako inaweza kutumika miaka mingi bila kumhatarisha mtu. Na itakapofika siku ya kuiaga, tuiage kwa mpango, wala tusidai kwamba ulimwengu mzima usimame kwa ajili yake.

MJADALA HUU DARASANI

Mtoto wa Darasa la Tano anaweza kulielewa jambo hili bila kugusa kompyuta. Tunapendekeza somo moja la vipindi viwili.

Mwalimu aandike ubaoni orodha ya kazi za asubuhi za shule ya kubuni, kama vile kufagia, kupanga madawati na kuchota maji. Katikati ya orodha hiyo aweke agizo moja la ajabu: "Ndoo ya kwanza ya maji ya asubuhi ipelekwe bustanini." Kisha awaambie wanafunzi kwamba orodha ni ndefu mno, nao wakae katika vikundi na kuchagua agizo moja la kufuta. Vikundi vingi bila shaka vitaichagua ndoo, kwa kuwa haionekani kuwa na maana.

Baada ya kila kikundi kutoa hoja zake, mwalimu afichue sababu. Bomba la shule hiyo lilikuwa la chuma. Maji yaliyolala ndani yake usiku kucha yalitoka na kutu, na waliokunywa ndoo ya kwanza walilalamika. Hapo wanafunzi waulizwe tena: je, bado mnafuta? Waachwe wabishane.

Katika kipindi cha pili mwalimu alete habari mpya: shule imewekewa bomba la plastiki. Je, agizo libaki? Wengi watasema liondoke, na sasa watakuwa na sababu. Ndipo mwalimu atoe habari ya mwisho: bomba la plastiki limefika upande wa madarasa tu, na jikoni bado maji hutoka katika bomba la chuma. Wanafunzi watagundua wenyewe kwamba agizo linahitaji kuandikwa upya, liwahusu wapishi peke yao, na kwamba sababu yake inapaswa kuandikwa kando ili atakayekuja baadaye asiteseke kuitafuta.

Mwalimu asiharakishe kutoa majibu. Thamani ya somo hili imo katika ile hatua ambapo mtoto aliyefuta kwa haraka anarudi na kusema, "Kumbe palikuwa na sababu," na katika hatua inayofuata, ambapo anakubali kwamba sababu nayo huweza kwisha. Baada ya hapo mwalimu anaweza kueleza kwamba hivyo ndivyo wanavyofanya mafundi wa kompyuta, na kwamba mashine ya shule ilikataa programu mpya kwa sababu kuna watu mahali fulani walioamua kuondoa agizo lililoihusu.

HITIMISHO

Tumeonyesha kwamba msimbo mkongwe wa kiini hauna budi kupimwa kwa mtumiaji wake, mtunzaji wake na sababu yake, na kwamba miaka yake haitoshi kuuokoa wala kuuhukumu. Tumeonyesha pia kwamba panapotakiwa kuondolewa kitu, litangulie tangazo, ufuate muda wa kutosha, na kazi ifanywe na mtu anayejua anachokigusa. Walimu wanafunzi watakaokwenda shuleni mwaka huu wanaweza kuanza na jambo dogo. Siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, wakiikuta kompyuta ya shule, waulize ina prosesa gani na inatumiwa na nani, kisha waandike majibu hayo katika daftari na kulikabidhi kwa mwalimu mkuu. Daftari hilo ndilo litakalosema kwa niaba ya shule, siku itakapoulizwa kama yuko mtu bado anayeihitaji mashine ile.